Ufunguo Ndani ya Uwele

Mzabibu nilifundishwa kuupogoa misimu miwili.
Bwana shamba alinishika kiganja:
hapa kata, hapa acha macho mawili,
hapa ukikata umeua mwaka mzima.
Na mzabibu, Nyemo, haukimbii.
Umesimama Makutupora tangu baba yako hajaoa,
haujawahi kumgonga mtu.

Wewe pikipiki ulifundishwa robo saa.
Nilikuwepo, nilitazama simu.
Uwanja wa mpira, Veyula, Jumapili baada ya ibada,
Chilewa amevaa kandambili:
"Moja chini, zilizobaki juu.
Klachi iachie kama unatoka chumba cha mtoto aliyelala.
Breki ya mbele usiiguse, itakurusha."
Ukazunguka magoli mara tatu,
ukarudi unacheka, vumbi kwenye meno:
Shangazi, nimehitimu!

Nami nikacheka, siwezi kukana.
Ile mashine ni zabibu za misimu mitatu
na jina lililo kwenye kadi ni langu.

Sasa tunabishana habari ya mafunzo.
Unasema ada ni kubwa. Ni kubwa.
Unasema siku kumi bila abiria, tutakula nini?
Hilo nimelipigia hesabu ukutani kwa mkaa,
na kila nikijumlisha unashinda wewe.
Unasema Mbeleje alikuwa na cheti.
Ndiyo. Nilikuwa Ihumwa siku ile.
Cheti kilikutwa mfukoni, kimekunjwa mara nne,
hakikuchanika hata pembe.
Sitakudanganya kwamba karatasi ni helmeti.

Lakini kuna jambo sijakwambia.
Zile asubuhi ulizodhani nakwenda kupima presha
nilikwenda Kizota, nyuma ya gereji,
mwanamke wa miaka hamsini na mitatu
kati ya vijana kumi na wanane,
suruali ya marehemu mume wangu chini ya kitenge.
Ungeniona ungesema nipelekwe Mirembe.

Mwalimu ni Mrangi mfupi kutoka Kondoa.
Anachechemea. Hakueleza, hatukuuliza.
Alimwaga ndoo ya mchanga juu ya lami,
akasema, hii ndiyo Dodoma:
upepo wa Agosti unautoa shambani,
unauweka kwenye kona, unaondoka zake.
Akatufundisha kuuona ungali mbali.
Kutazama tunakotaka kwenda, si tunakoogopa.
Kwamba ng'ombe wa kwanza akivuka barabara
huyo si ng'ombe, ni taarifa ya wengine.

Na breki ya mbele, Nyemo,
breki ya mbele ndiyo breki.
Hainyakuliwi. Inabanwa
kama unavyokamua mbuzi, kidole baada ya kidole.
Nilianguka mara mbili. Goti hili, tazama.
Mara ya tatu pikipiki ikasimama
shubiri moja kabla ya tofali,
na mimi nikalia mbele ya watoto wa watu,
maana niliikumbuka robo saa ya Chilewa
na kila uliyempakia tangu Juni,
mama wajawazito, wanafunzi wawili wawili,
mimi mwenyewe na kreti zangu mbili,
tukiteremka kuelekea mjini
kwa nusu ya breki.

Kama kila kijana alazimishwe kusoma, sijui.
Hilo waamue wakubwa wa Mtumba,
wao wanaopita ndani ya milango minne.
Mimi najua habari za pikipiki moja.

Ufunguo uko kwenye kopo la uwele.
Si lile la kusaga. Lile la mbegu,
ambalo hakuna anayeligusa mpaka mvua.
Darasa jipya ni Jumatatu, saa mbili.
Nusu nimelipa,
nusu mwalimu atapokea zabibu.

Na kama hutaki, kaa.
Abiria nitawapakia mimi.
Koti nimeshanunua.